Shamba la Anathothi: Tumaini la Mkristo Siku za Dhiki

NDUGU msomaji, ziko tarehe ambazo kila mfanyakazi wa mjini anazijua bila kutazama kalenda. Mshahara umekwisha kitambo na mwingine ungali mbali. Gunia la mkaa limebaki vumbi. Mwenye nyumba amekwisha kumtuma mtoto wake mara mbili kuulizia kodi. Siku hizo baba hurudi jioni akiwa na maneno machache, na watoto, kwa ile hekima waliyozaliwa nayo, hawaombi kitu. Kwa familia ya Kikristo huzuka hapo swali ambalo ni nadra kuulizwa kanisani kwa sauti: lile tumaini linalohubiriwa Jumapili asubuhi lina kazi gani Jumatano usiku, sufuria ikiwa imefunikwa juu ya jiko lisilowashwa?

Gazeti hili husomwa na watu wa dini zote, na wale wasio Wakristo watatuwia radhi kwa kuwa leo tunazungumza kwa lugha ya nyumba moja. Dhiki yenyewe haina dhehebu, na pengine majirani wa nyumba nyingine watayatambua mengi yaliyomo humu.

Jibu ambalo Mkristo hupewa mara nyingi ni kwamba avumilie, mambo yatakuwa mazuri. Ni jibu la upole, na anayelitoa huwa na nia njema, lakini halina uzito. Nani kamhakikishia kwamba yatakuwa mazuri? Hali ya mgonjwa yaweza kuzidi. Kiwanda kilichofungwa chaweza kisifunguliwe tena. Ikiwa tumaini ni kutabiri heri, basi mtu mkweli atalipoteza mara ya kwanza utabiri utakapokwenda kombo. Na katika makanisa yetu wamo watu wengi waliolipoteza kwa njia hiyo hiyo, wakaendelea kuja kwa mazoea tu. Maandiko yanalo jibu jingine, gumu zaidi na, kwa maoni yangu, la kufaa zaidi katika nyumba yenye njaa. Linahusu ununuzi wa shamba.

Habari hiyo imo katika kitabu cha nabii Yeremia, mlango wa 32. Ilikuwa yapata mwaka 587 kabla ya Kristo, na jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira mji wa Yerusalemu. Chakula kilikuwa kinakwisha. Yeremia mwenyewe alikuwa kifungoni, katika ua wa walinzi wa jumba la mfalme Sedekia, kwa kosa la kusema waziwazi kwamba mji utatekwa. Hapo ndipo alipojiwa na Hanameli, mwana wa ami yake, akimtaka anunue shamba la ukoo lililoko Anathothi. Fikiri, ndugu msomaji, ni biashara ya namna gani hiyo: muuzaji ana haja ya fedha, mnunuzi ni mfungwa, na shamba liko nje ya kuta, upande wa adui. Hakuna dalali wa Dar es Salaam, hata yule mwenye ulimi mtamu kuliko wote, ambaye angethubutu kuipigia debe.

Yeremia alilinunua. Alipima shekeli 17 za fedha mizanini, akatia sahihi hati mbele ya mashahidi, akamkabidhi Baruku, aliyekuwa mwandishi wake, nakala mbili, moja yenye muhuri na moja iliyo wazi, akamwagiza azitie katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. (Kwamba chungu chaweza kuhifadhi maandishi si hadithi: mwaka 1947 wachungaji wa mifugo walikuta katika mapango ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, magombo yaliyokuwa yamekaa vyunguni kwa karibu miaka 2,000.) Sababu aliyoitoa ni fupi: siku itakuja ambapo watu watanunua tena nyumba na mashamba na mizabibu katika nchi ile.

Jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka ni lile lililofuata. Baada ya kulipa fedha na kufunga hati, ndipo Yeremia aliposali, na sala yake imejaa mshangao wa mtu asiyeelewa alichokifanya. Anamweleza Mungu jinsi maboma ya adui yalivyokwisha kufika kwenye kuta, kisha anamwuliza, kwa maneno mengine, mbona umeniambia ninunue shamba? Alitenda kwanza, moyo ukafuata nyuma ukichechemea. Mtu anayedhani kwamba ni lazima ajisikie ana tumaini kabla ya kufanya jambo la tumaini na aisome sura hiyo polepole.

MIAKA MIWILI AU SABINI?

Miaka michache kabla ya hapo, palitokea ugomvi wa hadharani kati ya Yeremia na nabii mwingine aliyeitwa Hanania. Wakati huo sehemu ya watu wa Yuda walikuwa wamekwisha kuhamishiwa Babeli, na wote walitaka kujua watarudi lini. Hanania alitangaza hekaluni kwamba ndani ya miaka miwili nira ya Babeli itavunjwa; akaichukua nira ya mti aliyokuwa ameivaa Yeremia shingoni kama ishara, akaivunja mbele ya watu. Bila shaka walimshangilia. Nani hataki kusikia miaka miwili?

Yeremia alisema miaka 70. Kisha akawaandikia wale waliohamishwa barua ambayo imo katika mlango wa 29, na ambayo ningependa kila familia ya mjini iisome pamoja angalau mara moja. Aliwaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake. Wapande bustani na kula matunda yake. Waoe, waoze, wazae. Tena wautakie heri na kuuombea ule mji wa kigeni wanakoishi, kwa kuwa heri yao imo katika heri yake. Hakuwaambia wafungashe mizigo, wala hakuwaambia wakate tamaa. Aliwapa kazi ya asubuhi.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ilipo tofauti kati ya aina mbili za tumaini zinazouzwa na kugawiwa katika miji yetu. Tumaini la Hanania humtaka mtu asimame, atazame mlango utakapofunguka. La Yeremia humfanya leo atende jambo ambalo halina maana yoyote isipokuwa kama kesho ipo.

WAZEE WETU NA MIEZI KUMI NA MINANE

Wasomaji wetu waliokwisha kutimiza miaka hamsini na zaidi hawahitaji kusimuliwa dhiki ya miaka ya mwanzo ya 1980. Vijana, hata hivyo, huisikia kama hekaya. Shida zilipangana moja juu ya nyingine: ukame wa 1973 na 1974, bei ya mafuta iliyopanda mwaka 1973 na tena 1979, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, kisha uvamizi wa Idi Amin mkoani Kagera Oktoba 1978 na vita iliyolifikisha jeshi letu Kampala Aprili 1979. Vita ilipokwisha, Mwalimu Nyerere aliwataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Ile miezi 18 ikapita, ikaja mingine, na mingine tena. Hadi mwaka 1984, biashara ilipoanza kulegezwa, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, khanga na betri za redio vilikuwa vitu vya kupangiwa foleni, na wako waliopanga mawe usiku kushika nafasi zao hadi alfajiri. Mahindi ya njano ya msaada yalisagwa, yakaliwa, na watu wa mjini, ambao hawaachi utani hata katika njaa, wakauita unga wa Yanga.

Katika hali hiyo imani ya Mkristo ilipimwa mahali ambapo hapakuwa na madhabahu: kwenye mlango wa nyuma wa duka. Mwuza duka aliyekuwa mzee wa kanisa alijua ni katoni ngapi za sabuni zimeingia. Karani wa bohari aliyeimba kwaya alijua ni nani ameahidiwa mifuko ya saruji. Mwaka 1983 Serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ilianza msako dhidi ya wahujumu uchumi, na bidhaa zikakutwa zimefichwa. Hatusemi kwamba kila aliyeficha alikuwa mwovu. Wengine waliogopa tu watoto wao wasilale njaa. Lakini tukichunguza, kuficha bidhaa huku jirani anakosa ni ungamo la imani pia. Anayeficha anakiri kwamba kesho hakuna Mungu wala jirani, kuna kilichomo chini ya kitanda basi. Ndiyo maana yule aliyeukata mche wake wa sabuni kwa uzi, akampelekea nusu mama wa chumba cha pili, alikuwa amelinunua shamba la Anathothi, ingawa yumkini hakuwahi kusikia jina hilo.

Na mashamba yenyewe yalilimwa. Mwaka 1974, katika kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, hata watu wa maofisini walishika majembe. Na miaka ya 1980, mshahara uliposhindwa kufika nusu ya mwezi, mabonde ya Dar es Salaam yalijaa matuta ya mchicha, nyuma ya nyumba pakajengwa mabanda ya kuku, na kina mama wakaanzisha ile iliyoitwa miradi: maandazi, barafu, vitumbua, ufumaji. Wachumi wameandika juu ya mambo hayo kwa lugha yao. Mimi huyaona kama barua ya Yeremia iliyopata wasomaji. Mwanamke anayeamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa maandazi, ili Januari mtoto apate daftari, anaamini kwamba Januari itafika na mtoto atakuwa hai.

Kabla ya hapo pia tumewahi kuonyeshwa mfano wa namna hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza na Wabelgiji yalipoitwaa sehemu kubwa ya nchi hii mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini, na baadaye wakarudishwa kwao. Hawakuruhusiwa kurejea hadi katikati ya miaka ya 1920. Mishahara ya walimu ilikatika, dawa zikakoma, njaa na ugonjwa wa mafua vikaja. Wengi Ulaya walidhani kazi yote imekufa. Ila walimu na wainjilisti wa Kiafrika, baadhi yao wakiwa na elimu ya miaka michache tu, waliendelea kugonga kengele, kufundisha watoto kusoma, kuzika wafu na kuwaandaa wabatizwaji kwa ajili ya siku mchungaji atakapopatikana. Wamisionari waliporudi walikuta sharika ziko hai, na mahali pengine zimekua. Sijui kama walimu wale walijisikia wana matumaini. Shule ilifunguliwa Jumatatu, nao wakaenda.

WAUZAJI WA MIAKA MIWILI

Hanania naye anao warithi, na hapa hatuna budi kusema wazi kwa sababu watu wamekufa.

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya wagonjwa walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kilichotolewa na mchungaji mstaafu kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi porini. Wengine waliondolewa vitandani hospitalini wapelekwe huko, wengine wakaacha dawa zao, na wako waliofia njiani. Bei ilikuwa ndogo, na wengi walioizungumzia habari ile waliishia kwenye bei, wakasahau gharama ya nauli, ya siku za kazi, na ya dawa iliyoachwa.

Jumamosi tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20, watoto wakiwamo, walikanyagwa hadi kufa. Walikuwa katika mkutano wa ibada, na umati ulikuwa ukisukumana kwenda kukanyaga mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Mwaka 2023 nchi jirani ya Kenya ilifukua miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Bwana. Matukio haya hayafanani, na waliohusika hawana hatia sawa. Wengine hawana hatia yoyote. Lakini kila mahali palikuwa na mtu aliyechoka, aliyeambiwa kwamba dhiki yake ina mlango wa mkato.

Si vyema kuwacheka. Mama aliyembeba mtoto wake mwenye kifafa hadi uwanjani alikuwa amekwisha kuzunguka zahanati ngapi? Kijana mwenye shahada aliyetuma maombi ya kazi hadi akachoka kuhesabu atakataaje maombi ya usiku mmoja? Lawama, kama ipo, iwaendee wale wanaomwambia mtu wa namna hiyo kwamba anakosa kwa sababu imani yake ni ndogo au sadaka yake ni haba. Siku hizi wapo hata wanaokopa ile mikopo ya haraka ambayo kina mama wameipa jina linaloistahili, kausha damu, ili wapate fedha ya kupanda mbegu madhabahuni. Mkopo huo hurejeshwa kila siku au kila wiki. Wakija kuchukua friji na kochi, yule aliyeipokea mbegu hayupo.

Ndugu msomaji, ukitaka kumpima nabii, huna haja ya elimu ya theolojia. Tazama anachokutuma ufanye kesho asubuhi. Akikutuma ukae ungoje, au urudi na bahasha nyingine, jihadhari. Akikutuma ukamtazame jirani mgonjwa, ukatafute kazi tena, ukapande, ukamalize dozi yako, msikilize.

JUMATANO USIKU

Turudi kwenye ile nyumba na ile sufuria.

Jambo la kwanza ambalo imani hufanya katika nyumba yenye dhiki, ikiwa ni imani, ni kuruhusu ukweli usemwe. Wapo akina baba ambao, wakipunguzwa kazini, huendelea kupiga pasi shati na kuondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwa wiki kadhaa, wakashinde kwenye mabenchi ya stendi, ili mke asijue. Hali hii ilikuwapo sana miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipobinafsishwa au kufungwa na wafanyakazi wengi wakarudishwa majumbani, na haijakwisha. Wanafanya hivyo kwa upendo na kwa aibu, na wengine kwa kudhani kwamba Mkristo hapaswi kulalamika. Hapo tumefundishwa vibaya. Katika Zaburi 150, sehemu kubwa ni malalamiko: maswali ya mpaka lini, machozi yaliyolowesha kitanda, hasira dhidi ya rafiki aliyesaliti. Watu waliozikusanya hawakuziondoa wala kuzipaka rangi. Familia inayoweza kumwambia Mungu, mbele ya watoto, kwamba leo hatuna, hatujui la kufanya, na tumechoka, imekwisha kufanya ibada halali kabisa.

Watoto waambiwe, kwa kadiri ya umri wao. Mtoto wa miaka minane anajua kwamba kuna jambo. Asipoambiwa, hujitungia, na anachojitungia kwa kawaida ni kibaya kuliko ukweli, mathalani kwamba baba na mama wanataka kuachana au kwamba yeye ndiye mwenye makosa. Kinachomwogofya ni ule ukimya wa mezani kuliko uchache wa mboga.

Pili, zile kazi ndogo za nyumba zisiachwe. Kula pamoja, hata kama ni uji. Kufua sare Ijumaa. Kusali dakika tano kabla ya kulala, bila hotuba ndefu. Utaona kwamba katika Sala ya Bwana, ambayo kila Mkristo anaijua kwa moyo, chakula kinachoombwa ni cha siku moja tu. Baba mwenye deni la kodi ya miezi sita, ambayo ndiyo desturi ya wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam, hawezi kuilipa usiku huu. Aweza kwenda kesho kwa mwenye nyumba, uso kwa uso, akaomba kulipa kwa mafungu, badala ya kumkwepa kwa kupita njia ya nyuma. Kwenda huko ni tendo la tumaini, na laweza kukataliwa.

Tatu ni jirani, na hili linataka maelezo zaidi.

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa nchi za Afrika Mashariki, katika umoja wao uitwao AMECEA, walikubaliana kwamba ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo upewe kipaumbele katika kazi ya Kanisa. Maana yake, parokia yenye maelfu ya waumini igawanywe katika vikundi vya familia zinazokaa karibu, zikutane nyumbani kwa zamu, zisome pamoja somo la Jumapili, kisha zitazamane. Walutheri na makanisa mengine nayo yanazo jumuiya na ibada za nyumba kwa nyumba. Katika miji yetu vikundi hivyo hukutana mara nyingi alfajiri ya Jumamosi au jioni ya siku ya kazi, kwenye baraza, watu wakiwa na viti vya plastiki vya kuazima na watoto wamelala mgongoni.

Nakiri kwamba si kila jumuiya inapendeza. Nyingine zimegeuka kuwa mahali pa kukusanyia michango tu, na mwenyekiti husoma orodha ya wadaiwa kwa sauti kubwa kuliko alivyosoma Injili. Maskini hujificha siku ya jumuiya kwa sababu hiyo hasa, na viongozi wa makanisa wangefanya vizuri kulitazama jambo hili. Hakuna ukatili kama kumwaibisha mtu kwa jina la Mungu kwa sababu ya shilingi elfu mbili.

Pale inapokwenda sawa, hata hivyo, jumuiya hutenda kazi ambayo hakuna ofisi ya mjini inayoiweza. Inajua ni nani hajaonekana wiki mbili. Inajua kwamba mama fulani ametoka Muhimbili na hawezi kuteka maji. Kijana anayetafuta kazi husikia hapo kwamba mjomba wa mtu anahitaji msaidizi wa gereji. Mtu akifiwa, daftari huwekwa mezani, na hapo mipaka ya dini huvunjika: wanawake wa Kiislamu wa mtaa huo ndio mara nyingi wanaoshika masufuria makubwa ya msibani kwa Mkristo, kama ambavyo Wakristo huketi kwenye mikeka ya matanga ya Waislamu. Barua ya Yeremia iliwataka watu wa Mungu wauombee heri mji mzima, mji uliojaa watu wa ibada nyingine. Nadhani mitaa yetu ya Buguruni na Manzese imeelewa sehemu hiyo bila kufundishwa.

Yeremia hakulila shamba lake. Mji ulitekwa, hekalu likachomwa, na yeye mwishowe akachukuliwa na wakimbizi hadi Misri, wala Biblia haituambii kwamba alirudi. Hatuna habari ya kile chungu. Tunachojua ni kwamba baada ya mwaka 538 kabla ya Kristo, mfalme Koreshi wa Uajemi alipowaruhusu waliohamishwa warudi, katika orodha ya waliorejea, ambayo imo katika kitabu cha Ezra mlango wa 2, wamo watu 128 wa Anathothi.

Na wewe msomaji uliye mgeni wa mji, uliyepanga chumba kimoja na hujui jina la jirani yako, usingoje kutembelewa. Kama ni Mkatoliki, uliza kwa katekista au katika ofisi ya parokia mtaa wako uko katika jumuiya ipi. Kama ni wa kanisa jingine, mwulize mzee wa kanisa baada ya ibada. Siku ya kwanza utaulizwa jina lako, kwenu ni wapi, na unafanya kazi gani. Ukisema kwamba kwa sasa huna kazi, wawili watatu watainua macho wakutazame, kwa kuwa nao hawana. Kisha utapewa Biblia usome somo la Jumapili ijayo, na mtoto mmoja atatumwa kwa jirani kuazima kiti kingine.